Kukesha si Kuhesabu Siku

Kimbunga Hidaya kilipofika kisiwa cha Mafia, Tanzania, tarehe 4 Mei 2024, mji wa Kilindoni kisiwani humo ulikuwa umekwisha kuonywa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa ikitoa tahadhari kwa siku kadhaa. Upepo wa namna ile, ukiongezewa habari za vita na njaa, huwapa nguvu wahubiri wanaodai kujua Bwana atarudi lini. Mimi nasema Mkristo aliyepewa tarehe amenyang'anywa kukesha kwenyewe. Mathayo 24 inafundisha kwamba siku ile hawaijui hata malaika, na amri ya kukesha imesimama juu ya kutojua huko. Mwenye nyumba akishaambiwa saa ya mwizi, usiku mwingine wote atalala.

Mtu anaweza kuuliza: mbona tunawasikiliza watabiri wa hewa, tusimsikilize nabii? Kwa sababu wa hewa hupima, na kipimo kikibadilika husema hadharani. Hidaya ilipopoteza nguvu baada ya kuingia Mafia, Mamlaka ilitangaza hivyo, na watu wakarudi kwenye shughuli zao. Lakini kule Kanungu, Uganda, viongozi wa kundi la kidini la Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde walihubiri kwamba dunia ingekoma mwaka 1999 ukiisha. Waumini wakauza mali zao. Mwaka ukapita, dunia ikabaki, na tarehe 17 Machi 2000 mamia wakateketea ndani ya jengo lao la ibada. Tarehe iliyokosewa haikuleta toba kwa walioitangaza. Kisha, mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, ikafukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ya watu waliokufa njaa, watoto wakiwamo. Upande wa mashtaka unadai waliaminishwa kwamba kufunga hadi kufa kungewakutanisha na Yesu. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, amekana mashtaka.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: tukiacha kuzungumzia ishara, waumini watasinzia. Ni kweli, na makanisa mengi yamesinzia. Yesu mwenyewe alimtaja mtumwa aliyejiambia kuwa bwana wake anakawia. Lakini tazama kosa lake lilivyojitokeza: alianza kuwapiga watumwa wenzake. Usingizi wake ulionekana kwa jinsi alivyowatendea watu. Paulo naye, alipowaandikia Wathesalonike waliofadhaishwa na habari za siku ya Bwana, aliwakemea wasiotaka kufanya kazi na kuwaagiza wale chakula chao wenyewe. Hakuwapa kalenda.

Nasi tumeachiwa mambo ya kukaguliwa. Katika Mathayo 25 Mfalme haulizi nani alikokotoa sawasawa. Anauliza kuhusu mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, mgonjwa na mfungwa. Yupo katika hao wenye njaa, na watoto wa Shakahola walinyimwa chakula kwa jina lake.