Shule ya Ukuu na Kochi la Dada

Jumapili moja ya vijana katika usharika wetu, kijana aliyepewa zamu ya kuhubiri alilitaja neno "ukuu" mara nyingi kuliko alivyomtaja Yesu. Mimi sikuhesabu, mke wangu ndiye aliyehesabu. Alituambia kwamba kila mmoja wetu amezaliwa kuwa mkuu, kwamba kinachotuzuia ni fikra zetu, na kwamba anayeamka saa kumi alfajiri na kuandika malengo yake hakuna wa kumzuia. Watu wakaitikia Amina. Mimi pia niliitikia.

Baada ya ibada nilimuuliza mahubiri yale aliyapata wapi. Alinionyesha simu yake. Ilikuwa podikasti ya Mmarekani aitwaye Lewis Howes, na jina lake ni The School of Greatness, yaani Shule ya Ukuu. Kwa kuwa si vema kulaumu chakula ambacho hujakionja, nilisikiliza vipindi kadhaa na kusoma habari za maisha ya mtu huyo. Mpendwa msomaji, nina ugomvi na shule hiyo, na nina ugomvi mkubwa zaidi na sisi wenyewe. Lakini kwanza nimtendee haki mwenye shule.

Howes alizaliwa mwaka 1983 katika jimbo la Ohio. Alicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono, hadi akafika ngazi ya kulipwa katika ligi ya viwanja vya ndani. Akavunjika kifundo cha mkono, na ndoto ikaishia hapo. Hakuwa na kazi, alikuwa na madeni, na kwa zaidi ya mwaka mmoja alilala kwenye kochi sebuleni kwa dada yake. Hapo ndipo alipoanza kutumia mtandao wa LinkedIn kuwaandikia watu waliofanikiwa, akiwaomba wazungumze naye ili ajifunze kwao. Ujuzi huo ukawa biashara: mikutano, mafunzo ya mtandaoni, vitabu. Mwaka 2013 alianzisha podikasti yake, na leo vipindi vyake vimepita elfu moja. Mwaka 2015 alitoa kitabu chenye jina la podikasti hiyohiyo, na mwaka 2023 akatoa kingine, The Greatness Mindset.

Yapo mema, na ni dhambi kuyaficha. Mtu huyu anajua kusikiliza. Anauliza swali, kisha ananyamaza hadi mwenzake amalize. Tena, aliwahi kusimulia hadharani kwamba alidhulumiwa kingono akiwa mtoto wa miaka mitano, na kwamba alilibeba jambo hilo kimya kwa miaka mingi. Mwaka 2017 aliandika kitabu kizima, The Mask of Masculinity, kuhusu vinyago ambavyo wanaume huvaa ili wasionekane wameumia. Sisi wazee wa kanisa tunaowaambia wavulana kwamba mwanaume halii tunapaswa kuona aibu. Kijana wetu hakwenda kwenye simu kwa sababu ya ukaidi. Alikwenda kwa sababu huko alimkuta mwanaume anayekiri kwamba aliumia.

Sasa niseme ugomvi wangu.

Wale wana wawili wa Zebedayo walikuwa wanafunzi wa kwanza kuomba nafasi katika shule ya ukuu. Walitaka kuketi mmoja kuume na mwingine kushoto. Someni Marko sura ya 10 mwone jibu walilopewa. Bwana hakuwakemea kwa kutamani jambo kubwa. Alichukua neno lenyewe, "mkubwa", akalivua joho na kulivisha aproni ya mtumishi. Kuanzia siku ile Mkristo hana ruhusa ya kulitumia neno hilo kwa maana ya zamani, kana kwamba mazungumzo yale hayakufanyika. Shule ya podikasti imelirudishia joho lake: ukuu ni mimi kufikia ndoto yangu, na wengine nikiwasaidia njiani ni vizuri pia. Katika Injili, huyo mwingine ndiye njia yenyewe.

Ugomvi wa pili ni juu ya wanaoalikwa. Wahojiwa karibu wote ni watu waliofika: mabingwa, waandishi wa vitabu vinavyouzwa sana, matajiri. Kila mmoja huulizwa siri yake, naye huitaja: nidhamu, mtazamo, kuamka mapema. Lakini ni wangapi walioamka saa ileile, wakaandika malengo yaleyale, na hawakufika popote? Hao hawaalikwi. Waebrania sura ya 11 inawaalika wote. Inawataja walioshinda falme na kufunga vinywa vya simba, halafu katikati ya aya ya 35, bila hata kubadilisha aya, inawaleta waliopigwa, waliofungwa, waliopigwa mawe, waliotangatanga wamevaa ngozi za mbuzi. Na wote wawili, aliyefika na asiyefika, wanashuhudiwa kwa imani ileile. Mahubiri ya hamasa huishia nusu ya kwanza ya aya hiyo.

Mwaka 2018 Howes alimhoji Kobe Bryant, mmoja wa wachezaji wakubwa wa mpira wa kikapu, mtu ambaye nidhamu yake ilikuwa ya kupigiwa mfano. Januari 2020 helikopta ilianguka karibu na Los Angeles, akafa yeye, binti yake Gianna wa miaka 13, na watu wengine saba. Sisemi haya kumsimanga marehemu. Nasema kwamba hakuna ratiba ya asubuhi inayommilikisha mtu kesho yake, na kwamba mafundisho yasiyo na neno la kusema mbele ya jeneza hayatoshi kulisha nafsi. Yakobo aliwaonya zamani wafanyabiashara waliopanga mwaka mzima wa faida kama watu wenye hati ya kumiliki siku zao.

Mtaniuliza: mzee, kuna ubaya gani kijana akipewa moyo? Niwaambie ubaya nilioushuhudia.

Yupo kijana katika jumuiya yetu aliyekuwa akiuza mitumba sokoni. Alikopa fedha, ile mikopo ambayo watu huiita kausha damu, akanunua mabelo mawili. Usiku mmoja vibanda vikaungua. Nilipokutana naye wiki iliyofuata nilimshika bega nikamwambia, "Inuka upambane, Mungu ana mpango mkubwa na wewe." Nikaenda zangu nikijiona nimehudumu. Akaacha kuja kanisani. Baada ya miezi minne nilimfuata. Akaniambia, "Mzee, nimefikiri sana. Nadhani mtazamo wangu haukuwa sahihi. Ningekuwa na imani ya kweli yasingenikuta."

Mnasikia hilo? Moto uliteketeza mali yake, na sisi tukamwongezea hatia. Hakuna aliyemfundisha kwamba moto wa soko ni moto tu. Anayefundishwa kwamba mafanikio yake yote yanatoka kichwani mwake, siku akianguka hana wa kumlaumu isipokuwa kichwa chake. Marafiki wa Ayubu walihubiri hivyohivyo, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia, wakahitaji kuombewa na mtu yuleyule waliyemshutumu. Mimi nilikuwa mmoja wao, na sikuhitaji podikasti ya Marekani kunifundisha. Hamasa tunazitoa wenyewe madhabahuni kila wiki, tukizipaka mstari mmoja wa Biblia juu, kama siagi kwenye mkate mkavu.

Nilipouliza anaishi wapi, nikaambiwa yuko kwa dada yake, katika chumba kimoja pamoja na watoto watatu. Dada huyo huuza vitumbua asubuhi na ndiye aliyekuwa akimlipia marejesho kidogokidogo. Yeye pia ni mshirika wetu. Hukaa viti vya nyuma. Kwa miezi minne hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kama unga unatosha.

Ndipo nikalikumbuka kochi la Ohio. Hadithi ya Lewis Howes husimuliwa kama ya mtu aliyejiinua kutoka kwenye kochi. Mimi nauliza kochi lilikuwa la nani. Kabla ya malengo, kabla ya LinkedIn, kabla ya kipindi cha kwanza, palikuwa na mwanamke aliyefungua mlango na kusema ingia, ulale hapa. Ndugu yake hakuwa amefanikiwa, wala hapakuwa na hakika kwamba angefanikiwa. Sisi Wakristo jambo hilo tunalo jina lake, tunaliita neema. Kama kuna mkuu katika hadithi ile, kwa kipimo cha Marko sura ya 10, ni dada.

Kwa hiyo sitawaambia vijana wazime simu. Wasikilize, na wapime. Nawaambia wazee wenzangu, wachungaji na viongozi wa jumuiya: tuache kuhubiri ukuu usiokuwa na msalaba. Mtu akianguka, tumuulize kwanza amelala wapi na amekula nini, kisha tumsikilize hadi amalize, kama yule Mmarekani anavyosikiliza. Siku ya vijana ijayo, tumpe nafasi ya ushuhuda mtu ambaye bado hajainuka. Atasimama bila mwisho mzuri wa kusimulia, nasi tutakaa naye hivyohivyo.

Kijana wa mitumba bado anadaiwa. Jumuiya imechangia sehemu ya deni, nyingine imebaki. Alirudi kanisani mwezi uliopita na kuketi nyuma, karibu na dada yake. Bwana atusamehe tuliochelewa kwenda kuketi nao.