MITIHANI YA MAJARIBIO BILA DAFTARI

Ndugu Wanachama,

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapana watu wajuao maana ya neno hili kuliko sisi makarani, kwa kuwa riziki yetu hutoka katika daftari. Karani akiona mwisho wa mwezi kwamba fedha za sanduku hazilingani na hesabu, hafungi kitabu akaenda zake nyumbani kwa kutumaini kwamba mwezi ujao zitalingana. Huketi akapitia mstari kwa mstari hata auone upungufu ulipo. Basi ni ajabu kubwa kwamba sisi hao hao, tunapojitayarisha kwa mtihani wa kuingia vyuo vya biashara, huitupa desturi hiyo njema kana kwamba hatujapata kushika kalamu maishani mwetu.

Nasema habari za mtihani uitwao GMAT, ambao vyuo vingi vya biashara vya Marekani, Ulaya na kwingineko huutazama kabla ya kumpokea mwanafunzi. Ulianza kufanywa mwaka 1954. Kwa namna yake ya sasa, iliyoanza mwaka 2023, una vifungu vitatu: hesabu maswali 21, maneno maswali 23, na takwimu maswali 20. Kila kifungu kina dakika 45, na alama huanzia 205 hata 805.

Wako wenzetu ambao ukiwauliza wanajitayarisha namna gani, hujibu kwa majivuno, "Nimekwisha fanya mitihani ya majaribio kumi." Waulize walikosa nini katika hiyo kumi; watanyamaza. Wakumbukalo ni alama tu. Jumamosi hufanya mmoja, na alama zikiwa ndogo hukunja uso, na Jumapili hufanya mwingine wapate kuona kama bahati imegeuka. Hiyo si elimu, ndugu zangu. Hiyo ni ramli.

Tena ni ramli ya gharama. Baraza la Marekani lisimamialo mtihani huu hutoa mitihani miwili ya majaribio bila malipo, na mingine huuzwa. Hiyo ndiyo ifananayo na mtihani wenyewe kuliko yote, kwa kuwa kompyuta humchagulia mtu swali lifuatalo kwa kadiri alivyojibu yaliyotangulia. Mwenye kuimaliza yote katika juma moja, kisha akairudia, huanza kukutana na maswali aliyokwisha yaona. Alama zake hupanda, naye hufurahi, walakini kilichopanda ni kumbukumbu yake, wala si akili yake. Siku ya mtihani wa kweli atapata maswali mengine, na ada amekwisha ilipa.

Yatupasa kufanya nini? Tufungue daftari la makosa. Kwa kila swali tulilokosa, na kwa kila swali tulilopata kwa kubahatisha, tuandike aina yake, muda tulioutumia, na sababu: je, sikuijua kanuni? Nilisoma vibaya? Nilikimbizwa na saa? Chukua mfano. Katika kifungu cha takwimu huja swali la namna hii: Makarani wawili hupata jumla ya shilingi 900,000, yule wa kwanza hupata kiasi gani? Habari ya kwanza: hupata mara mbili ya mwenzake. Habari ya pili: mwenzake hupata chini ya 400,000. Swali hilo hutaka kujua tu ni habari ipi itoshayo kutoa jibu. Ya kwanza yatosha peke yake; ya pili haitoshi. Karani hodari wa hesabu hupiga hesabu mpaka apate 600,000, akafurahi, na kumbe ameshapoteza dakika nzima kwa kazi asiyoombwa. Mtu huyu hakosi kwa ujinga wa hesabu. Anakosa kwa kutosikiliza aliloulizwa, na asipoliandika kosa hilo, atalirudia katika majaribio hamsini.

Na saa nayo iwe saa. Maswali 21 kwa dakika 45 ni kama dakika mbili na kidogo kwa swali moja, na asiyemaliza kifungu hupunguziwa alama. Mapumziko ni dakika 10, mara moja tu. Mwenye kufanya majaribio huku akinywa chai na kujibu simu, asiseme amejaribu mtihani, amejiburudisha.

Wengine husema mtihani huu umetungwa Marekani, kwa lugha isiyo yetu, basi hapana faida ya kujisumbua. Ni kweli kwamba lugha ni mzigo mzito. Lakini asiye na daftari hajui kama ameshindwa na Kiingereza au ameshindwa na sehemu za mia, naye huisingizia lugha makosa ambayo si yake. Na wengine, wabaya zaidi, hutafuta maswali ya wizi. Hao na wajue kwamba mwaka 2008 mahakama ya Marekani iliamuru mwenye biashara ya maswali ya namna hiyo alipe fidia ya zaidi ya dola milioni 2, na baadhi ya wanunuzi wakafutiwa alama zao. Mtumishi wa Serikali aliyefutiwa alama kwa udanganyifu atarudi ofisini kwa uso gani?

Lipo na jambo la aibu linalotuhusu sisi kwa sisi. Aliyekwisha faulu huficha vitabu vyake, akidhani kwamba mwenzake akipanda yeye atashuka. Naomba Chama chetu kianzishe jamii ya masomo, jioni mbili kwa juma. Mtihani mmoja wa majaribio kwa majuma matatu watosha. Siku zilizobaki tubadilishane madaftari, kila mmoja asahihishe ya mwenzake, kwa maana jicho la mtu halioni kisogo chake.

Ndugu zangu, tukinyimwa nafasi kwa upendeleo, tunayo haki ya kupaza sauti, na Chama kitasimama nasi. Lakini tukinyimwa kwa makosa yale yale tuliyoyafanya mara kumi pasipo kuyatazama hata mara moja, tutamdai nani? Mtihani huruhusu kurudiwa baada ya siku 16, na kila kurudia kuna ada yake, nayo hutoka katika mshahara uleule ulishao watoto. Anunuaye daftari moja leo ataziokoa fedha hizo kesho.

Wasalaam,

Mimi karani mwenzenu,
MSHIKA DAFTARI