Maelezo ya Zana Ni Sehemu ya Zana: Majibu kwa Madai Matano

Juni 2023 OpenAI iliziwezesha modeli zake kuita programu za nje. Novemba 2024 Anthropic ikatoa MCP, itifaki ya kuunganisha modeli na zana za nje, na kuwaundia zana mawakala wa akili mnemba kukawa kazi ya kila siku ya wanaprogramu. Kila zana hubeba jina, maelezo na vigezo vya kujazwa. Maelezo ndiyo yanayoandikwa mwishomwisho, kwa haraka, na wanaofanya hivyo wana sababu zao. Nazijibu moja baada ya nyingine.

Dai la kwanza: “Modeli za siku hizi zina akili, zitaelewa zenyewe.”
Akili haimjulishi mtu jambo ambalo hakuonyeshwa. Modeli haiuoni msimbo ulio nyuma ya zana, wala haikuwepo kwenye kikao mlichokubaliana kwamba “mteja” ni mwenye akaunti hai tu. Inachopewa ni yale maandishi yako. Ikikosa maelezo hukisia, na kadiri ilivyo hodari ndivyo ukisiaji wake unavyofanana na ukweli na kuwa mgumu kugundulika.

Dai la pili: “Jina linajitosheleza.”
Chukua zana iitwayo tafuta_mteja. Inatafuta kwa jina, kwa simu au kwa namba ya akaunti? Asipopatikana, inarudisha nini? Ikiwa kando yake ipo pata_mteja, wakala achague ipi? Linganisha na maelezo haya: “Hutafuta mteja kwa namba ya simu pekee. Itumie kabla ya kufungua ombi jipya. Ukiwa na namba ya akaunti, tumia pata_akaunti. Ikirudisha orodha tupu, mteja hajasajiliwa: muulize mtumiaji, usijaribu namba nyingine.” Hapo wakala anajua lini aitumie, lini aiache na afanye nini mambo yakikwama.

Dai la tatu: “Skima imeshataja aina ya data.”
Skima inaweza kubana muundo, na ibane. Maana haiibani. Mgonjwa akiandika “niwekee miadi saa mbili asubuhi”, anakusudia 08:00. Zana isiyosema kwamba hupokea mfumo wa saa 24, na kwamba saa za Kiswahili zigeuzwe kwanza, inaweza kupelekewa 02:00, yaani saa nane za usiku. Skima itaipitisha, kwa kuwa 02:00 ina muundo sahihi kabisa. Ndivyo ilivyo kwa fedha: shilingi 5,000 ni za Kenya au za Tanzania? Tarehe 03/04 ni ya Machi au ya Aprili? Na namba ya simu je? Mfumo wa Daraja wa M-Pesa nchini Kenya hutaka namba inayoanza na 254, ilhali wateja wamezoea kuandika 07. Sentensi moja kwa kila kigezo, pamoja na mfano wake, humaliza utata huo.

Dai la nne: “Maelezo marefu hula tokeni.”
Hili lina ukweli. Kwa kawaida maelezo ya zana huingia kwenye muktadha kila ombi linapotumwa, na hulipiwa. Lakini mwito uliokosewa hurudi na ujumbe wa kosa, wakala hujaribu tena, na mazungumzo yote hutumwa upya. Gharama hiyo huzimeza zile sentensi chache. Nyaraka za Anthropic zenyewe zinapendekeza angalau sentensi tatu au nne kwa kila zana. Anayetaka kubana matumizi aanze kwa kuondoa zana zinazofanana.

Dai la tano: “Wakala akikosea, badilisha modeli au maagizo makuu.”
Desemba 2024 Anthropic walieleza walivyomwunda wakala wa SWE-bench, jaribio la kurekebisha hitilafu za programu halisi. Walitumia muda mwingi zaidi kwenye zana kuliko kwenye maagizo makuu. Wakala alikuwa akikosea njia za faili alipohama folda ya mwanzo. Zana ilipobadilishwa idai njia kamili, kosa likakoma. Mwaka 2025 wakasimulia jingine: modeli yao ilikuwa ikiongeza “2025” bila sababu kwenye maneno ya kutafuta mtandaoni. Tiba ilikuwa kuyaboresha maelezo ya zana ya utafutaji.

Kwa hiyo, mwanaprogramu mwenzangu, kabla hujaiachia zana kazini, mpe mwenzako asiyeujua msimbo wako yale maelezo pekee na ombi moja la mteja, kisha mwombe ajaze vigezo. Kila swali atakalokuuliza, andika jibu lake ndani ya maelezo. Maelezo hafifu humwumiza mgonjwa aliyekosa miadi yake na mteja ambaye fedha zake zimeingia kwenye simu ya mtu mwingine. Hao hawana njia ya kuurekebisha uandishi wako. Wewe unayo, itumie.