Meza ya Karata na Meza ya Nyumbani



Mwezi huu tunaleta mbele yenu jambo ambalo wengi wetu hatukudhani litafika katika kurasa hizi: karata zinazochezwa kwa fedha, na hasa mchezo uitwao poka. Huenda mama mwingine atasema, "Hayo ni mambo ya filamu za Marekani, sisi yanatuhusu nini?" Hata sisi tulisema hivyo, mpaka yalipomfika mwenzetu.

Mama huyo ni wa Maji ya Chai. Anafuga ng'ombe wawili wa maziwa, na siku za Jumatano na Jumamosi huenda kuuza ndizi soko la Tengeru. Mwanawe wa kwanza alikuwa anasoma chuo mjini Arusha. Muhula ulipokaribia kwisha, chuo kikapiga simu kuuliza ada. Mama akashangaa, maana alikwisha kumtumia kijana shilingi laki sita, nusu yake akiwa amekopa kwenye kikoba. Kijana alipoulizwa hakukana. Alisema fedha ziko "kazini". Kazi yenyewe ilikuwa kucheza poka kwa simu, usiku, na watu wa nchi za mbali asiowajua hata kwa sura.

Tulikwenda watatu wa kikundi chetu kumsemesha. Alituamkia kwa adabu, akatutolea viti uani. Tukamwambia tulilozoea kusema: "Mwanetu, kamari ni bahati tu, iache." Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama zangu, mngekuwa mnazungumzia mashine za dubwi kule baa, ningekubali. Lakini poka ni akili. Wapo watu wameishi kwa mchezo huo miaka hamsini. Ni bahati gani hiyo ya miaka hamsini?"

Hatukuwa na jibu. Tuliaga tukaondoka. Njiani tulikubaliana kwamba hatutarudi kwa kijana yule mpaka tumejifunza kile tunachokikemea. Haya ndiyo tuliyojifunza.

MCHEZO WENYEWE

Karata ni zile zile tunazozijua: kopa, uru, shupaza na pau. Katika poka inayochezwa zaidi duniani, kila mchezaji hupewa karata mbili ambazo wenzake hawazioni. Karata nyingine tano hufunuliwa mezani kwa hatua, nazo ni za wote. Katika kila hatua mchezaji huamua: aweke fedha, aongeze dau, au atupe karata zake na kukubali hasara ndogo. Mwishoni, mwenye mpangilio bora wa karata tano huzoa fedha zote.

Lakini mwenye karata mbovu naye anaweza kushinda, akiwatishia nyau wenzake kwa dau kubwa mpaka wote wakimbie. Ndiyo maana wachezaji wengi huvaa miwani myeusi na kofia, wakakaa saa nyingi bila kuonyesha furaha wala huzuni.

Kwa hiyo kijana alisema nusu ya kweli. Katika mchezo mmoja bahati ina nguvu kubwa. Katika michezo elfu moja, mwenye subira na hesabu humshinda mwenye pupa. Mabingwa hutupa karata zao mara nyingi kuliko wanavyozicheza. Poka si kama ule ulaghai wa karata tatu wa kwenye stendi. Mama akimwambia kijana wake kwamba ni bahati tupu, kijana atamcheka kimoyomoyo, na kuanzia hapo hatamsikiliza tena.

MABINGWA WALIOSIFIWA

Mashindano makubwa ya poka ya dunia yalianzishwa mwaka 1970 mjini Las Vegas, Marekani, na Benny Binion, mwenye kasino ya Horseshoe. Washindi hupewa bangili ya dhahabu. Vijana huyajua majina yao kama wanavyowajua wachezaji wa Simba na Yanga.

Yupo Doyle Brunson wa Texas, msomi wa mambo ya elimu, aliyekuwa bingwa mwaka 1976 na 1977. Alioa mwaka 1962 na akadumu na mkewe Louise mpaka alipofariki Mei 2023, akiwa na miaka 89. Huyu ndiye "bahati ya miaka hamsini" ya kijana wetu, na hatumnyimi heshima yake.

Yupo Chris Moneymaker, mhasibu wa kawaida. Mwaka 2003 alilipa dola 86 katika shindano dogo la intaneti, akapata nafasi ya kwenda Las Vegas, akawashinda watu 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Habari zake zilienea dunia nzima. Miaka mitatu baadaye walioingia katika shindano hilo walikuwa 8,773. Kila mwenye kompyuta alijiona Moneymaker.

Na yupo Stu Ungar wa New York, ambaye wengi humtaja kuwa mwenye kipaji kikubwa kuliko wote waliowahi kushika karata. Alikuwa bingwa mwaka 1980 na 1981. Akaanguka katika dawa za kulevya. Mwaka 1997 hakuwa na hata kiingilio cha dola 10,000. Rafiki yake alimlipia, kwa mapatano ya kugawana ushindi. Ungar akashinda dola milioni moja, huku amebeba picha ya binti yake. Baada ya miezi michache fedha zilikwisha. Alichokipata kwa karata alikipoteza kwa dawa za kulevya na kwa kubeti farasi na mechi. Novemba 1998 alikutwa amekufa katika chumba cha nyumba ya wageni ya bei nafuu, na umri wake miaka 45. Marafiki walichangishana kumzika.

Akina mama, hebu tulitafakari hilo. Akili hakukosa, wala ushindi hakuukosa. Alichokosa ni kusimama.

Kinyume chake yupo mama wa watoto wanne, Annie Duke, aliyesomea saikolojia. Mwaka 2004 alipata bangili yake, na mwaka huo huo akashinda shindano la dola milioni 2. Mwaka 2012 aliacha kucheza poka, akageukia kufundisha watu namna ya kufanya maamuzi. Kitabu chake cha mwaka 2022 kinahusu jambo moja: kujua wakati wa kuacha.

NI NANI ANAYELIPA?

Tulipofika hapa tuligundua kwamba swali letu la kwanza halikuwa zuri. Tulikuwa tunauliza, "Je, ni bahati au ni akili?" Swali la mama wa nyumba ni jingine: "Fedha hizi zinatoka wapi?"

Mkulima wa Meru akivuna mahindi, dunia imepata mahindi ambayo jana hayakuwapo. Fundi akishona gauni, gauni lipo. Lakini meza ya poka haioti kitu. Kila shilingi anayoondoka nayo mshindi imetoka mfukoni mwa aliyeketi naye. Na kabla ya mshindi kugusa, mwenye meza amekwisha kukata sehemu yake, awe ni kasino au ni kampuni ya intaneti. Wote wakiwa na akili sawa, wote watapoteza polepole, na mwenye meza atashiba.

Tuchukue mfano wa mwaka 2023. Katika lile shindano kuu la Las Vegas waliingia watu 10,043, kila mmoja kwa dola 10,000. Bingwa alipata zaidi ya dola milioni 12, na picha yake ikaonekana kila mahali. Lakini waliopata chochote walikuwa 1,507 tu. Watu 8,536 waliondoka mikono mitupu, na hao hawapigwi picha. Waandaaji walikata zaidi ya dola milioni 7 kabla ya zawadi kugawanywa. Tena hata yule anayeonekana amekumbatia mafungu ya fedha, mara nyingi ana wadhamini waliomlipia kiingilio, nao wanasubiri fungu lao kama yule rafiki wa Ungar.

Sasa kijana wa Maji ya Chai anapoingia usiku katika meza ya simu na ada ya mama yake, anakutana na nani? Anakutana na watu wanaofanya hivyo kila siku, wenye mitaji na wenye kumbukumbu za kila mchezo. Kila meza ina wanaokula na wanaoliwa. Mgeni asipojua ni nani anayeliwa, basi ni yeye.

TUNDA LISILOONEKANA MAPEMA

Watu wa Maji ya Chai wanalijua somo hili kuliko wengine. Mto ule una rangi ya chai, lakini kilichowaumiza watu wa eneo lile ni madini ya floraidi, na hayo hayana rangi wala ladha ya kumwonya mtu. Mtoto mdogo hunywa na kucheza vizuri. Miaka inapita, meno ya ukubwani yanaota, ndipo mama anayaona yana rangi ya kahawia. Ubaya uliingia wakati meno yalipokuwa bado yanaumbwa ndani ya ufizi. Hakuna anayeweza kusema ni kikombe kipi kilichofanya kazi hiyo.

Ndivyo ilivyo kamari ya simu. Elfu tano leo, elfu kumi kesho, hakuna anayeona doa. Wala hatukuacha kunywa maji kwa sababu ya floraidi. Pale Ngurdoto wataalamu walifundisha kuyachuja kwa mkaa wa mifupa. Kadhalika, kuvunja simu ya kijana si dawa. Dawa ni kuchuja.

NENO LA MUNGU

Biblia haitaji poka. Inataja kura: mitume walipiga kura ili kumpata wa kujaza nafasi ya Yuda (Matendo 1:26), na hawakuweka dau. Lakini askari nao walipiga kura chini ya msalaba ili kulichukua vazi la Bwana (Yohana 19:23-24). Tofauti tunaiona: hawa wa pili walikuwa wanagawana cha mwenzao, naye anateseka mbele yao. Someni pia Methali 13:11 na 1 Wathesalonike 4:11, mlinganishe mali ya haraka na kazi ya mikono.

Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2003 inairuhusu michezo ya kubahatisha chini ya Bodi yake, na inawakataza walio chini ya miaka 18. Lakini si kila kilichoruhusiwa kinajenga nyumba.

TULIPORUDI

Tulirudi uani pale baada ya majuma mawili. Safari hii hatukukemea. Tulimwambia, "Mwanetu, ulisema kweli, ipo akili ndani yake. Mabingwa huandika kila wanachoingiza na kila wanachotoa. Tuonyeshe daftari lako." Hakuwa nalo. Mama yake akasema, "Basi tusome ujumbe wa simu." Wakakaa pamoja, mama akiandika, kijana akisoma, mmoja baada ya mwingine.

Ushindi wa shilingi 140,000 aliukumbuka vizuri, hata siku na saa. Vile vipande vya elfu tano na elfu kumi hakuvikumbuka. Jumla ya vilivyotoka ilikuwa 735,000. Aliutazama ule mstari wa mwisho muda mrefu, kisha akasema, "Mama, nilidhani ni kama laki mbili."

Hatutawadanganya kwamba yote yamekwisha. Masomo yamesimama mwaka mzima. Deni la kikoba bado linalipwa, na kijana anachangia kwa vibarua vya ujenzi Usa River. Na ilibidi mama amweleze baba, ambaye alikuwa amefichwa miezi miwili. Mama alituambia kwamba hilo lilikuwa gumu kuliko deni lenyewe.

TUFANYE NINI?

1. Tusikemee tusichokijua. Mwulize kijana, au mume, akueleze mchezo wake. Atakayeeleza atajisikia naye.

2. Ada ilipwe moja kwa moja chuoni au shuleni, na risiti irudi nyumbani.

3. Hesabu iandikwe. Kamari hupenda giza, na daftari ni taa.

4. Tusimfiche baba wa nyumba ili kulinda amani. Amani ya kuficha hulipiwa riba.

5. Karata za nyumbani, arobastini, au drafti ya vizibo vya soda chini ya mti, tusiziharamishe zote kwa pamoja. Fedha ikiingia mezani, hapo ndipo tuseme.

6. Aliyeanguka asiaibishwe mbele ya ukoo. Mwenye aibu hurudi mezani kutafuta cha kurudisha heshima yake, na huko ndiko anakomalizikia.

MASWALI KWA AJILI YA VIKUNDI

Je, katika nyumba zetu kuna fedha inayotoka bila kuandikwa? Je, kijana wetu anaweza kutuambia amepoteza, bila kuogopa? Je, sisi wenyewe, katika mikopo na michezo yetu ya fedha, tunajua ni nani anayelipa?

Ee Mungu Baba, utupe kuridhika na mkate wa kazi zetu, uwalinde watoto wetu usiku tunapolala nao wamekesha, na utufundishe kuwasikiliza kabla ya kuwahukumu. Katika jina la Yesu. Amina.