Alama Ziandikwe Kabla Bosi Hajasema

Mwaka 2011 Kenya ilimtafuta Jaji Mkuu wake wa kwanza chini ya Katiba mpya, na safari hiyo waombaji walisailiwa hadharani. Mmoja wao, Willy Mutunga, alikuwa na hereni sikioni. Hereni ile ikawa mjadala wa nchi. Aliulizwa habari zake, naye akasema haivui hata kama kazi itamponyoka. Kazi aliipata, akaishika hadi 2016, na sijui ni hukumu yake ipi ambayo mtu angeweza kuitabiri kwa kulitazama sikio lake. Wala waliouliza hawakuwa watu wa ajabu. Kila jopo, hata la kumtafuta karani wa ghala, lina hereni yake ya kukodolea macho: kola iliyochakaa, kiganja chenye jasho, lafudhi ya kwao, Kiingereza kinachokatika katikati ya sentensi.

Vijana wetu wanafundwa namna ya kuyakabili macho hayo: fika mapema, piga nguo pasi, mtazame msaili usoni, usijibu kwa mkato. Ushauri huo si mbaya, na anayeupuuza hujikosesha mwenyewe. Ila ni nadra mtu kuuliza kama kupendeza kwa dakika kumi kunamwambia mwajiri lolote kuhusu kazi itakayofanywa miezi sita baadaye. Naona kunamwambia kidogo mno, kwa hiyo wa kwanza kubadilika ni anayesaili.

Ushahidi mzuri ulipatikana kwa bahati tu, Houston, Marekani, mwaka 1979. Shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Texas ilikuwa imeshachagua wanafunzi 150, usaili ukiwa na uzito mkubwa, ndipo bunge la jimbo likaagiza waongezwe 50. Wengi wa waliofuata kwenye orodha walikuwa wameshachukuliwa na vyuo vingine, kwa hiyo shule ikashuka hadi mkiani, kwa watu ambao ilikuwa imewaona hawafai. Watafiti walipoyafuatilia makundi hayo mawili hawakuona tofauti ya maana, si darasani, si wodini, si katika idadi ya walioacha masomo. Kilichokuwa kimewatenganisha, kwa sehemu kubwa, ni maoni ya wasaili. Mwaka 2013 Jason Dana na wenzake walichapisha majaribio yenye utani kidogo ndani yake: wanafunzi waliwasaili wenzao ili wabashiri alama zao za chuo, na baadhi ya wasailiwa wakaagizwa kujibu kwa kanuni isiyohusiana kabisa na ukweli. Wasaili hawakushtuka. Walijiona wamemfahamu mtu vizuri, na ubashiri wao ukawa mbaya kuliko ule wa kutazama alama za nyuma peke yake.

Mazungumzo ya holela humpa msaili nafasi ya kuthibitisha alichokwisha kuamua mtu alipokuwa bado mlangoni. Aliyempendeza humrushia swali jepesi, akikwama humdokezea. Asiyempendeza humwacha atapetape. Mapitio ya tafiti ya Paul Sackett na wenzake, ya mwaka 2022, yalikadiria kuwa uhusiano kati ya usaili wa namna hiyo na utendaji kazini ni 0.19, na ule wenye maswali na vigezo vilivyopangwa ni 0.42. Hata 0.42 iko mbali na uhakika, lakini ni zaidi ya mara mbili, na gharama yake ni karatasi.

Tanzania suala hili limekuwa zito zaidi tangu walimu wa shule za serikali nao waanze kuitwa kwenye usaili, ilhali wengi waliowatangulia walipangiwa vituo bila kukaa mbele ya jopo. Sekretarieti ya Ajira ina mtihani wa mchujo, ina usaili wa vitendo kwa kada kama za madereva, kisha mahojiano. Hatua ya vitendo ndiyo ninayoiamini zaidi. Dereva akiambiwa alirudishe gari nyuma kati ya vigingi, suti haimsaidii. Kwa mwalimu, kipimo cha aina hiyo ni chaki, ubao na mada ya sehemu kwa watoto wa darasa la nne. Na anayeomba kuwahudumia wananchi kwenye dirisha la halmashauri, ambako atasema Kiswahili kutwa, akisailiwa kwa Kiingereza atakuwa amepimwa kazi ya mtu mwingine.

Wapo watakaosema kuna kazi ambazo kupendeza ndiyo kazi yenyewe, kama mapokezi ya hoteli. Sawa, basi apewe mgeni aliyefura kwa sababu chumba chake hakijawa tayari, tuone. Hoja nzito ni ya vimemo: penye kujuana, maswali yaliyopangwa huvuja usiku wa kuamkia usaili. Kweli huvuja. Lakini dereva aliyevujishiwa kwamba atarudisha gari nyuma itambidi akafanye mazoezi, na hapo hatujapoteza kitu. Tena alama iliyoandikwa kwa kila swali inaweza kukaguliwa na mtu wa nje. “Kijana amenivutia” haikaguliki, na ndimo kimemo hujificha vizuri zaidi.

Mwenye duka Kariakoo atasema hana muda wa majopo. Hahitaji jopo. Amlipe mtu siku moja, amweke dukani, ahesabu mzigo naye jioni. Taasisi kubwa zinahitaji nidhamu moja zaidi, nayo inawagusa wakubwa: kila mjumbe aandike alama zake na kuzikabidhi kabla mwenyekiti hajafungua mdomo, maana bosi akishasema “huyu yuko vizuri”, kalamu nyingine zote mezani huanza kufuta.