INTAKULA IMEKULA MAHARI

Wiki hii hatuzungumzii mapenzi. Au tuseme tunayazungumzia kwa mlango wa uani, maana kuna binti mmoja wa Ilala Bungoni anasubiri mahari yake, na mahari yenyewe imelala Gerezani, imefunikwa turubai, ina matairi manne.

Mwenye gari ni mshkaji wangu tangu enzi za kucheza chandimu. Anauza kava na chaja za simu Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, hela inaingia kidogo kidogo. Gari ni Toyota Starlet, ile EP82 ambayo dada zetu wengi wamejifunzia kuendesha. Ukiiona barabarani huigeukii mara mbili. Ila ndani ya boneti mwenzetu kaing'oa injini ya zamani na kuweka 4E-FTE ya mtumba kutoka Japani. Cc 1,331 tu, lakini ina turbo, na kiwandani ilitoka na nguvu za farasi 135. Kwa kigari chepesi kama kile, usiombe!

Anataka kuingia mbio za klabu, zile za barabara iliyofungwa, dereva kavaa helmeti na wazimamoto wako pembeni. Nasema mapema kwa sababu wapo watoto wa mjini wanaoita mbio ule ujinga wa kukimbizana usiku Barabara ya Nyerere. Hao safu hii haiwahusu.

Sasa kwa wasiojua, turbo ni nini? Ni vifeni viwili kwenye shafti moja. Moshi wa ekzosi, ambao kwenye gari lako unatoka bure ukimchafua mwenda kwa miguu, unazungusha kifeni kimoja. Cha pili kinazunguka nacho na kushindilia hewa ndani ya injini. Hewa zaidi, petroli zaidi, nguvu zaidi. Wazo hilo Mswisi Alfred Büchi alilikatia hataza mwaka 1905, kwa hiyo si uchawi wa juzi. Shafti ile inaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Kila mtu anaipenda hiyo, inalia fyuuu, mabinti wanageuka.

Tatizo halilii. Tatizo ni joto.

Ukishindilia hewa, inapata moto. Waliowahi kujaza baiskeli upepo kwa pampu ya mkono wanajua, ile pampu inaungua chini. Hapa Dar mchana wa Februari hewa inaingia ikiwa tayari na nyuzi 32. Ikishindiliwa na turbo inaweza kutoka na nyuzi 100 bila shida. Hewa ya moto ni nyepesi, haina oksijeni ya kutosha, na mbaya zaidi inafanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake. Injini inagonga kama mtu anapiga sufuria kwa kijiko, na pistoni inatoboka.

Ndiyo maana kuna kitu kinaitwa intakula, rejeta ya kupoza hewa kabla haijaingia kwenye injini. Mafundi wa Gerezani wana utani wao: ukisikia intakula, jua itakula hela yako. Mshkaji alicheka. Baadaye hakucheka.

Kwenye Starlet ya turbo, kiwanda kiliiweka intakula juu ya injini, na tundu la kuvutia hewa kwenye boneti. Ukiwa unakimbia, safi. Ukikwama kwenye foleni ya Barabara ya Uhuru inakaa juu ya jiko, inakuwa chapati. Mshkaji akaihamishia mbele, nyuma ya bampa. Akafurahi sana. Jumapili akalipeleka gari milima ya Pugu, akaongeza msukumo, na kabla hajamaliza kilima mshale wa joto umegota juu. Gari likachemsha, moshi mweupe. Kufungua kifuniko cha oili, ndani chai ya maziwa. Gasketi ya silinda hedi imepasuka, maji na oili vimeoana kabla yake yeye.

Vijana wa gereji bubu wakaja na dawa yao ile ile: "Toa themostati, bro." Nyie wenyewe mnaijua, nusu ya magari ya mji huu hayana themostati. Lakini yupo fundi mmoja mtu mzima, anachomelea rejeta toka sisi tuko shule ya msingi. Akamwambia, "Mdogo wangu, themostati ikishafunguka imefunguka. Kuitoa hakuikuzi rejeta."

Akamwonyesha ugonjwa uko wapi. Intakula imewekwa mbele ya rejeta, kwa hiyo rejeta sasa inapumua hewa iliyokwishapashwa. Na ni rejeta ile ile nyembamba ya injini ya kwanza. Kilichookolewa juu kimepotea chini.

Basi kazi ikaanza upya, na hapa ndipo mahari ilipokwisha. Rejeta nene ya Hiace ikakatwa na kulehemiwa upya iingie kwenye kifua cha Starlet. Feni mbili za umeme zikafungwa nyuma yake. Oili nayo ikapewa rejeta yake ndogo. Ila kilichofanya maajabu ni bati la bei ya chai. Fundi alikata vipande akaziba kila mwanya kati ya bampa na rejeta, kwa sababu hewa, alisema, ni kama dereva wa daladala: ikiona upenyo wa kukwepa foleni inapita pembeni. Ukiiziba inalazimika kupita katikati ya rejeta. Kifuniko cha rejeta nacho kikabadilishwa, kikawekwa kipya cha kubana vizuri. Maji yakibanwa kwa bar 1.1 hayachemki kwa nyuzi 100 kama ya chai, yanasogea mpaka karibu 120. Kifuniko kilicholegea kinaua injini nyingi mjini hapa, lakini nani anakitazama?

Ya mwisho aliibuni mshkaji mwenyewe, nampa heko. Kachukua tangi la maji ya kuoshea kioo na pampu yake ndogo, akavuta mpira mpaka mbele, akaweka swichi karibu na usukani. Akibonyeza, intakula inamwagiwa manyunyu. Baadhi ya Subaru Impreza STi zilitoka kiwandani na kitu cha namna hiyo. Na mwaka 1962 Oldsmobile Jetfire ya Marekani, moja ya magari ya kwanza ya turbo kuuzwa madukani, ilikuwa na tangi la maji yaliyochanganywa na methanoli ya kupulizia ndani ya injini.

Toyota wenyewe wanalijua joto la huku kwetu. Celica yao ya turbo ilishinda Safari Rally ya Kenya miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Celica iliyokuja baadaye, intakula yake ikipozwa kwa maji badala ya upepo, ikachukua tena 1992, 1993 na 1994, na hiyo ya 1994 aliendesha Mkenya, Ian Duncan. Wale walikuwa na kiwanda kizima nyuma yao. Sisi tuna fundi mmoja na mkasi wa bati.

Jumamosi iliyopita tulirudi Pugu. Mimi nilipewa kazi moja, kutazama geji. Mshale ukapanda mpaka nusu, ukakaa hapo kilima chote. Kurudi tukanasa Buguruni, ukasogea mstari mmoja, feni zikanguruma, ukashuka. Nilitaka kupiga vigelegele.

Binti naye alikuja gereji jioni. Akalizunguka gari, akauliza kama viti vya nyuma vitarudishwa. Akajibiwa havitarudi, vinaongeza uzito. Akasema mjomba wake atafurahi sana kusikia hivyo, kisha akapanda bajaji akaondoka.

Fundi alikuwa uvunguni wakati huo. Akatoka akijifuta mikono kwa tambara.

"Klachi hii ya zamani haibebi, mdogo wangu."

Mshkaji akanitazama mimi. Mimi nikatazama mwendokasi linavyogeuza.