Mnyororo wa ugavi hauanzii bandarini, unaanzia Matinyani

Leo naweka kando mambo ya misimbo na seva, nataka tuongee kuhusu semina. Ndiyo, semina za chuo kikuu. Zile za utafiti kuhusu usimamizi wa mnyororo wa ugavi wa kimataifa. Nimeketi katika kadhaa, nimekunywa chai na mandazi yao, na nina malalamiko moja tu: karibu kila mada inaanzia bandarini Mombasa. Utaona kontena, meli, forodha, ghala la Rotterdam. Upande wa kushoto wa mchoro kuna kisanduku kidogo kimeandikwa "mkulima", na mshale mmoja. Basi, wanaendelea.

Mimi nasema mshale ule mmoja ndio wenye kazi yote.

Chukueni Matinyani, hapa Kitui Magharibi. Watu wa huku wanalima ndengu wakitegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba. Zikikauka, broka anakuja na pikapu na mizani yake. Anapima, analipa taslimu au kwa M-PESA, kisha anamimina ndengu za mama huyu kwenye gunia moja na za jirani yake. Gunia linafika mjini Kitui, halafu Nairobi au Mombasa. Katika safari hiyo yote, hatua ya kwanza haikuandikwa popote. Nani aliuza, kilo ngapi, zilikuwa na unyevu kiasi gani, zilinunuliwa bei gani? Hakuna.

Kwa sisi waandishi wa programu hili si jambo geni. Ni kama kuunganisha majedwali mawili kisha ukafuta funguo. Ukishamimina ndengu za watu arobaini kwenye rundo moja, hakuna hifadhidata duniani itakayokurudishia habari zile. Msimbopau wa kwanza kusomwa dukani ulisomwa tarehe 26 Juni 1974 huko Troy, Ohio, kwenye pakiti ya chingamu. Zaidi ya miaka hamsini baadaye Kenya ina namba yake, 616, lakini namba hiyo inabandikwa kwenye pakiti ya dukani. Gunia la Matinyani linapita bila jina.

Katika semina nyingi za somo hili utakutana na mchezo wa bia, uliobuniwa MIT karibu miaka ya 1960. Wachezaji ni wanne: muuza rejareja, muuza jumla, msambazaji na kiwanda. Kila mmoja anaona oda za jirani yake tu. Mteja anapandisha oda kutoka kreti 4 hadi 8, basi, na kufikia kiwandani mambo yamevurugika kabisa: mara mali imekwisha, mara imejaa hadi inamwagika. Wanaita hali hiyo mjeledi, kwa kuwa mkono ukitikisika kidogo ncha inaruka sana. Mchezo mzuri. Lakini mbona hakuna kiti cha tano, cha mkulima?

Mkulima ndiye anayekaa kwenye ncha ya mjeledi. Mwaka huu bei ni nzuri, kila mtu anapanda ndengu, mwaka ujao bei inaanguka. Tena kuna mambo ya mbali. India ndiyo inayoongoza duniani kwa kulima na kula ndengu, na ilikuwa ikinunua nyingine kutoka nje. Februari 2022 serikali yake iliziondoa ndengu kwenye orodha ya bidhaa zinazoingia huru na kuziweka kwenye zile zenye vizuizi. Uamuzi wa aina hiyo mfanyabiashara wa Mombasa anaupata siku hiyo hiyo. Matinyani unafika ukiwa umevaa sura nyingine: broka anasema tu, "bei imeshuka." Nani atabishana naye, na kwa takwimu zipi?

Sasa wengine mtaniambia dawa ni blokcheni. Haya, tuizungumzie, kwa sababu hadithi ile ilipitia hapa kwetu. Mwaka 2014 kampuni ya meli ya Maersk ilifuatilia kontena la maua na maparachichi kutoka Kenya hadi Uholanzi. Wakagundua kwamba mzigo wa namna hiyo unapitia karibu watu na taasisi 30, na mawasiliano zaidi ya 200. Maersk wakashirikiana na IBM, na mwaka 2018 wakazindua TradeLens, mfumo wa kuwaunganisha wote kwa blokcheni. Pesa zilikuwepo, wahandisi walikuwepo. Novemba 2022 wakatangaza kuufunga, na mwanzoni mwa 2023 ukazimwa. Sababu waliyotoa wenyewe ni kwamba ushirikiano wa sekta nzima duniani haukupatikana. Kwa maneno mengine programu iliandikwa, lakini wenye habari hawakuona faida ya kutosha kuzitoa.

Hilo ndilo somo ningependa kuona likijadiliwa kwenye semina zetu, maana broka wa Matinyani na kampuni kubwa ya meli wana akili moja. Anayejua bei ya pande mbili ndiye anayekula faida ya katikati. Na simlaumu broka hata kidogo. Yeye ndiye mwenye gari, ndiye anayelipa papo hapo, na gunia likioza njiani hasara ni yake. Ukimletea programu inayomnyang'anya siri yake bila kumpa kitu, atakupungia mkono na kuondoka.

Je, kuna mahali habari za shambani zimewahi kuleta pesa? Ndiyo, na si mbali. Makueni ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza kwa maembe nchini. Nzi wa matunda aliyetoka Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na mwaka 2014 nchi yenyewe ikasimamisha kuuza maembe Ulaya kwa sababu ya mdudu huyo. Soko lilifunguliwa tena mwaka 2021, baada ya kazi ndefu ya kupunguza nzi mashambani, na Makueni ilikuwa mbele katika kazi hiyo. Sehemu ya kazi yenyewe ilikuwa nini? Kutundika mitego kwenye miembe na kuhesabu nzi walionaswa, tena na tena. Daftari, kalamu na nzi waliokufa. Hakuna kontena lenye kifaa cha setilaiti ambacho kingeweza kuleta takwimu ile kutoka baharini.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Semina ya kwanza ya muhula ifanyiwe sokoni. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, ndani ya Kitui hii hii, kwa hiyo safari si ndefu. Kila mwanafunzi akae kando ya mizani siku nzima, aandike vitu sita kwa kila mauzo: mahali, tarehe, zao, kilo, unyevu na bei. Baada ya msimu mmoja watakuwa na takwimu ambazo hakuna chuo cha Boston kinazo.

Kisha sisi waandishi wa programu tuje na kitu kidogo. USSD, ifanye kazi kwenye kabambe. Mtandao ukikatika, mpimaji aandike rekodi daftarini hadi urudi. Mkulima apate risiti kwa SMS, kwa Kikamba. Gunia lipewe namba kabla halijamiminwa na mengine. Broka naye apate chake: mnunuzi mkubwa amlipe zaidi kwa gunia lenye namba, na rekodi zake zimsaidie kupata mkopo. Na takwimu zibaki mali ya aliyezitoa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipo, tusisubiri kuikumbuka baada ya kuziuza.

Najua kuhesabu magunia hakuleti sifa kama kutaja akili bandia kwenye kichwa cha tasnifu. Lakini hata hiyo akili bandia italishwa nini, kama mwanzo wa mnyororo ni kisanduku kitupu? Wanunuzi wa nje wanazidi kutaka kujua mzigo ulitoka shamba gani. Tusipoandika sisi, ataandika mwingine, na atatuuzia habari zetu wenyewe.

Mnaosoma somo hili vyuoni, au mnaonunua ndengu, nibishieni. Hasa mabroka. Nataka kujua ni kitu gani kingekufanya ukubali kuandika bei uliyonunulia.